Majibu ya Bariyeri

Siku tangazo lile lilipobandikwa kwenye mlango wa laiteri, kiwanda kidogo cha jibini, Omer alilipita mara nne bila kulisoma. Mara ya tano, akiwa na mkebe wa maziwa begani, alisimama na kulisoma neno moja moja. Ushirika wa jibini ulikuwa unatafuta shefu mpya, yaani mkuu wa laiteri, kwa kuwa Mzee Isidore, aliyeongoza laiteri hiyo tangu ijengwe, miguu ilikuwa imemshinda. Mshahara ulitajwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba shefu atapewa nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya laiteri.

Maneno hayo ya chini ndiyo yaliyomkimbiza nyumbani jioni ile. Mshahara ni jambo jema, nani asiyeupenda, lakini nyumba ilikuwa jambo jingine. Kwa miezi kumi na minne Omer, mkewe Augustine na watoto wao wanne walikuwa wakilala katika jiko la Edmond, kaka yake Augustine, tangu vita vilipowatoa kilimani kwao upande wa Ngungu na kuwaleta huku Muheto, ambako Omer alikuwa akija kufanya kazi miaka mingi. Edmond alikuwa mtu mwema. Mkewe naye alikuwa mwema, ila wema wake ulikuwa umeanza kuchoka. Siku hizi aliingia jikoni kuwasha moto kabla wageni hawajaamka, akiruka miguu ya watoto na kuihesabu kwa sauti, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Juzi aliuliza mbele ya majirani kama chumvi ya siku hizi inayeyuka yenyewe. Majirani walicheka, na Augustine akacheka pamoja nao, kisha akaenda kulia shambani, kwenye maharagwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Augustine jembe alishapewa, na alilima mpaka mgongo ukamlalamikia, lakini jembe halimpi mtu mlango wa kufunga.

Omer alipomweleza habari ya nyumba, mkewe aliuliza swali moja tu, madirisha mangapi. Omer akajibu mawili, mara moja, maana alikuwa amezunguka nyuma ya laiteri kwenda kuyatazama.

Kwa kazi yenyewe hakukuwa na la kubishania. Miaka mitatu mizima Mzee Isidore alikuwa akikaa juani, miguu juu ya kigoda, huku Omer akifanya kila kitu ndani. Alinusa mkebe akajua ng'ombe amelala kilima gani. Alitumbukiza kiwiko kwenye sufuria kubwa akajua kama maziwa yamefikia joto la kutiwa dawa ya kuyagandisha, na kipimajoto cha ushirika kilipovunjika hakuna aliyekikumbuka. Kila asubuhi aligeuza jibini mia mbili kwenye mbao, moja moja, kama mama anayegeuza watoto wachanga. Wafugaji wa Muheto walishaanza kumpongeza njiani.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa usaili. Juri ingetoka Goma, ikae mezani, iulize, na kila jibu lipewe pointi. Omer hakuwa msemaji. Mwulize kama mvua inanyesha huku maji yakimtiririka kofiani, atakuambia labda.

Jumapili baada ya misa Augustine alichukua daftari la mtoto, akakaa kwenye benchi nje ya jiko, akawapanga watoto kushoto na kulia kama majaji wadogo. Omer alisimamishwa mbele yao. Watoto walianza kucheka, mama yao akawakemea, kisha akakunja uso akajifanya mtu wa Goma.

“Unatumika kazi gani, Papa?”

“Ya maziwa.”

“Kazi gani ya maziwa?”

“Ile inakuwa.”

“Ni nani anageuzaka fromaji?”

“Sisi.”

“Sisi nani?”

“Sisi wote.”

Augustine alifunga daftari. Wote hao walikuwa Omer na vijana wawili wa kuosha mikebe, na vijana hao walifika jua likiwa limeshapanda. Alimsihi mumewe aseme miye. Omer akasema miye. Alimwambia sasa aunganishe, miye njo nageuzaka fromaji, yaani mimi ndiye ninayegeuza jibini. Omer alifungua kinywa, akakiacha wazi kidogo, akakifunga. Watoto hawakucheka tena.

Ninyi msiomjua mngedhani ni woga wa kitoto. Lakini Omer alikuwa na kaka aliyeitwa Émile, mtu wa maneno safi, mwenye Kifaransa kilichonyooka. Miaka kumi na miwili iliyopita, wakitembea kwenda Walikale na mizigo ya unga, walikuta bariyeri, kamba imefungwa njiani, na watu wenye bunduki wakiuliza ni nani mkubwa hapa. Émile alijibu vizuri. Alisema yeye ndiye prezida wa wakulima wa maharagwe wa kilima chao, akataja idadi ya wanachama, akaeleza na sanduku lao la akiba. Aliyefuata alikuwa Omer, na Omer kwa hofu alijibu sijui, sikuona, sikuwako. Yeye alisukumwa apite. Émile aliambiwa akae pembeni kidogo, kwa kuwa viongozi wana mazungumzo yao, na tangu siku ile hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani. Tangu siku ile pia Omer hakuwa kiongozi wa kitu chochote duniani, hata kwa utani.

Augustine aliyajua hayo yote. Aliwafukuza watoto wakacheze, akamvuta mumewe akae karibu naye benchini.

“Omer, ile ilikuwa bariyeri,” alisema taratibu. “Hii ni meza tu.”

“Ni watu wanauliza,” Omer akajibu. “Na wanaandika.”

Juri ilifika Alhamisi asubuhi, siku ambayo gari la jibini hushuka Sake. Ilikuwa ya watu wawili. Papa Archange, mfanyabiashara wa Butembo, ndiye mwenye gari, na jibini yote ya Muheto alikuwa akiinunua yeye. Mwenzake alikuwa Mama Noëlla, mkurugenzi kutoka ofisi ya ushirika ya Goma, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Waliwekewa meza katikati ya laiteri, mbele ya mbao za jibini zilizogeuzwa alfajiri ile na mtu waliyekuja kumwuliza.

Waliojiandikisha walikuwa wawili. Wa kwanza kuingia alikuwa Yves, kijana wa Goma mwenye diploma ya mambo ya vyakula. Alikaa humo karibu saa nzima, na wafugaji waliokuwa nje na mikebe yao walisikia kicheko mara tatu. Alipotoka alimpa Omer mkono, akamtakia bahati njema, na alionekana kulitaka hilo kwa moyo wake wote.

Omer aliingia amevaa koti la Edmond, mikono ikiishia kabla ya vifundo. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Alienda moja kwa moja mezani, akatoa kadi yake ya uchaguzi kwenye mfuko wa shati, akaiweka mbele ya Mama Noëlla, kisha akarudi hatua mbili nyuma, mikono yake ikionekana yote miwili. Mama Noëlla aliitazama ile kadi, akatabasamu, akasema hawakuwa wameiomba. Papa Archange hakutabasamu. Alimwambia akae, Papa Omer, akae. Omer akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

Walianza na mepesi. Aliulizwa amefanya kazi hapo miaka mingapi, akasema mingi. Aliulizwa kazi yake hasa ni ipi, akasema kusaidia. Aliulizwa kama aliwahi kukosana na mwenzake kazini, na walisuluhishaje. Swali hilo Omer alilielewa kwa namna yake, yaani anatakiwa kumtaja mtu. Kumtaja mtu mbele ya anayeandika, hilo hata mtoto wa huku Masisi halifanyi.

“Hapana,” alisema. “Hatujuane sana.”

Mama Noëlla alipekua karatasi zake. Alisema ofisi inayo ripoti ya mwaka uliopita, wakati maziwa ya siku nzima yalipochacha na jibini nusu ikatupwa. Ripoti ilisema kuna mtu aligundua kwamba mikebe mipya ilioshwa kwa sabuni ya nguo, akaokoa nusu iliyobaki. Angependa kusikia ilivyokuwa.

Mtu huyo alikuwa Omer. Alikuwa amelamba mikebe arobaini kwa ulimi wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka midomo ikachubuka.

“Sikuwako,” alisema.

Jibu lilitoka lenyewe kabla hajalichagua. Alilisikia likianguka mezani, akatamani kuliokota, lakini kalamu ya Mama Noëlla ilikuwa imeshatembea. Jasho lilimtoka ndani ya koti la shemeji yake. Aliyakumbuka yale madirisha mawili. Alimkumbuka mke wa Edmond akihesabu miguu ya watoto, akajiambia swali lijalo atasema miye, hata dari ianguke.

Swali lililofuata liliulizwa na Papa Archange. Alikuwa amemjua Omer miaka mingi, na yaliyotukia ndani ya laiteri hiyo aliyajua kama anavyojua gari lake. Alisogeza kiti mbele, akamtazama usoni, akamfungulia mlango wote.

“Papa Omer, tangu Muzee Isidore agonjwe, ni nani njo iko anaongoza hapa? Mukubwa ya hii laiteri ni nani?”

Ni nani mkubwa hapa. Swali lilikuwa lilelile la bariyeri. Omer alitazama mlango, akaona nje Mzee Isidore amekaa juani na miguu yake kigodani, mtu mzima aliye hai, akisikiliza.

“Ni Muzee Isidore, Papa,” alisema. “Sisi tunamusaidia tu.”

Papa Archange aliegemea nyuma. Mama Noëlla alimshukuru Omer kwa muda wake, akamrudishia kadi yake, na Omer akaipokea kwa mikono miwili na kusema asante, mkubwa.

Saa sita gari liliondoka. Omer alipanda juu ya kreti za jibini kama kila Alhamisi, kwa kuwa ndiye aliyezisindikiza mpaka Sake, na hakuna aliyemwambia abaki. Mama Noëlla alikaa mbele na Papa Archange, aliyeendesha mwenyewe siku hiyo, mkoba wenye karatasi za juri mapajani. Njia ilikuwa mbaya, na Omer alifurahi kuwa ni mbaya, maana mtu anayerushwarushwa hapati nafasi ya kufikiri.

Kabla ya mteremko wa Sake walikuta kamba. Watu wa hapo hubadilika kila msimu, leo hawa, kesho wale, kamba ni ileile. Hawa walikuwa wapya na macho yao mekundu. Mmoja alifungua mlango wa mbele, akauliza ni nani mkubwa wa gari hili. Papa Archange, mtu wa njia ndefu, alitazama usukani wake. Mama Noëlla alinyoosha miwani, akavuta pumzi, akaanza kwa ile sauti yake nzuri kwamba yeye ni mkurugenzi wa…

“Wakubwa iko Goma,” Omer alisema. Alikuwa ameshashuka, amesimama kati ya mlango na bunduki, kadi mkononi, mikono ikionekana yote miwili.

“Na huyu mama?”

“Mugeni. Alikuya kuona fromaji.”

“Ndani ya saki yake muko nini?”

“Makaratasi.”

“Ya nini?”

“Ya fromaji.”

“Franga iko wapi?”

“Fromaji haiyauzishwa bado. Tunaenda nayo.”

Yule mtu alimtazama juu mpaka chini, kofia, koti fupi, viatu vya mpira. Aliuliza ni wangapi wanaofanya kazi huko laiteri, Omer akasema wanabadilika. Aliuliza wale wengine wenye bunduki wa juu kilimani wamepita lini, Omer akasema hakuona. Mwisho alichoka. Alichukua jibini mbili, akashusha kamba. Omer hakuwa amesema uongo mwingi, na hawakupata kwake hata neno moja la kushika.

Walipofika Sake, Mama Noëlla alishuka. Alimshika Omer mkono, akamwambia kwamba kama si yeye, hajui leo angekuwa wapi. Kisha akamwuliza, kwa masikitiko ya kweli, “Papa Omer, sasa kule ku meza, sababu ya nini haukujibu hivi?”

Omer alifikiri. Alitaka kumjibu vizuri, maana mama huyu alikuwa mwema.

“Mama,” alisema, “kule pia nilijibu vile vile.”

Omer alirudi Muheto na tumaini, na tumaini hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Alimsimulia Augustine habari ya kamba na mkono ulioshikwa, na Augustine akasema Mungu ana njia zake za kufanya usaili. Alinunua kipande cha kitambaa cha maua, akashona pazia mbili, akazikunja chini ya mto. Mke wa Edmond aliziona. Kwa wiki mbili alikuwa mpole kabisa, akaacha hata kuhesabu miguu.

Barua ililetwa na dereva wa Papa Archange. Omer aliisoma amesimama penye mlango wa laiteri, akaipeleka nyumbani, na Augustine akamwomba amsomee. Ilimshukuru kwa utumishi wake wa uaminifu. Ilisema mahojiano yalipimwa kwa pointi, na kwamba yeye amekuwa wa pili.

“Kati ya wangapi?” aliuliza Edmond, aliyekuwa hajui.

“Wawili,” alisema Omer.

Hakuna aliyecheka, hata mke wa Edmond. Augustine alizitoa zile pazia chini ya mto, akazitundika jikoni, kati ya kitanda chao na kuni. Kesho yake alfajiri miguu ilihesabiwa tena.

Yves alifika na godoro, redio na kasha la vitabu. Alikuwa kijana wa adabu. Alimwita Omer Papa Omer, akamwuliza kila kitu, akaandika kila alichojibiwa, na hakuona haya kutumbukiza kiwiko chake kwenye sufuria alipoonyeshwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na majivuno. Ofisi ilimpa kadi ya plastiki ya kuvaa shingoni, yenye picha yake, na chini ya picha herufi kubwa zikisema SHEFU WA LAITERI. Aliipenda, akaivaa hata kanisani. Halafu barua nyingine ikaja. Kuanzia Alhamisi inayofuata, shefu mwenyewe ndiye atakayesindikiza jibini mpaka Sake na kusaini karatasi za gari. Omer abaki na maziwa.

Habari hiyo Omer aliisema nyumbani bila kuongeza neno. Augustine alikuwa akichambua maharagwe.

“Ataivaa ile karata yake ya shingo, hata ku bariyeri?” aliuliza.

“Ataivaa.”

“Anapendaka kusema.”

“Anasemaka muzuri sana.”

Augustine alitupa jiwe dogo nje ya ungo. Alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba hakuna aliyewaomba wao kuwa mama ya mtu. Kisha akasema kwamba kiti kikibaki wazi mara ya pili, ofisi haitakuwa na nguvu ya kuita juri nyingine. Hakumtazama mumewe aliposema hivyo. Omer alikuwa ameshayawaza hayo kabla yake, tangu mchana, na alikuwa ameyawaza vizuri, mpaka kwenye pazia. Alijionea haya, na haya yenyewe haikumzuia kuendelea kuwaza.

Alhamisi gari lilikuwa limeshapakiwa, na dereva alikuwa anakunywa chai kwa jirani. Omer alisimama penye mbao zake, akageuza jibini kumi, ishirini, akasahau amefika ya ngapi. Kutoka nyuma ya laiteri alimsikia Yves akiimba, akipiga viatu vyake rangi. Sauti ilikuwa ya mtu asiyejua lolote. Émile pia aliimba siku ile, njia nzima, mpaka penye kamba.

Omer aliacha jibini, akazunguka nyuma. Hakuwahi kuingia nyumba ile. Chumba cha mbele kilikuwa kikubwa kuliko alivyokikadiria, madirisha mawili hayana kitu, na mwanga umejaa mpaka pembeni. Meza ya juri ilikuwa imehamishiwa humo. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya meza, akaweka ngumi zake mbili juu yake. Yves alisimama na kiatu kimoja mkononi, akimshangaa.

“Simama pale, mutoto yangu,” Omer alimwambia. “Mbele yangu. Kiatu weka chini, mikono ionekane.”

Yves alitabasamu, akidhani ni mchezo, akatii.

“Wewe ni nani?” Omer aliuliza. Sauti haikuwa yake, na tabasamu la Yves likapungua. “Ni nani mukubwa hapa?”

Kijana alijinyoosha, akaweka kidole kwenye kadi yake, akajibu kwa heshima na kwa ukamilifu, kwamba anaitwa Yves, kwamba ndiye shefu wa laiteri ya Muheto tangu mwezi huu, kwamba ana wafanyakazi watatu chini yake na jibini mia mbili kwenye mbao.

Omer alimsikiliza mpaka mwisho.

“Umeanguka,” alisema. “Vua hii karata. Tuanze tena.”